Hakuna tena anayepiga kelele "imeanza!"

Kuna neno moja ambalo kwenye nyumba nyingi limekufa kimya kimya na hakuna hata aliyeenda kulizika, nalo ni "imeanza!" Wa umri wangu mnalijua. Upo chooni, au umetumwa nje kuanua nguo, alafu sebuleni mtu anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka, "IMEANZAAA!", na wewe unaacha kila kitu unakimbia, unajikwaa kwenye kizingiti, unafika na nguo zako mkononi unakuta kiti chako kimeshakaliwa na mtu anayejifanya hakuoni. Na hapo ujue dakika tatu za mwanzo ukizikosa ndo umezikosa mpaka mwakani, maana kipindi chenyewe kilikuwa kinaonyeshwa mara moja tu kwa mwaka, msimu wa sikukuu, siku na saa waliyoipanga wao huko kwenye stesheni yao bila kumuuliza mtu.

Kaka yangu alikuwa anaijua hiyo sheria na alikuwa anaitumia vibaya. Mwaka mmoja nilirudi kutoka chooni nikamuuliza imefika wapi, akanijibu bila hata kugeuza shingo, eti umekosa sehemu mbwa ameongea. Sasa yule mbwa wa kwenye ile katuni haongeagi hata siku moja, ila mimi nikaamini. Nikakaa miezi kumi na mbili mizima najua kabisa kuna sehemu mbwa anaongea na mimi ndo sikuiona, nikawasimulia wenzangu shuleni, na kuna mmoja akaapa kabisa kwamba hata yeye aliiona na akataja na maneno ambayo mbwa aliyasema. Hakukuwa na pa kwenda kuhakikisha. Mwaka uliofuata nilikaa mbele ya tivii sikubanduka hata kwa tangazo, nasubiri mbwa aongee, kaka yangu ananiangalia mimi badala ya kuangalia tivii, anacheka mpaka machozi.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa sababu kila ikifika Desemba watu wanaanza kulia kwamba vipindi maalum vya sikukuu vya zamani vilikuwa vizuri, vilikuwa na utu, siku hizi hamna kitu. Kulia nalia na mimi, ila hiyo hoja naikataa. Nimevitazama tena hivyo vipindi nikiwa mtu mzima, peke yangu, laptop ipo mapajani, na kwakweli vingi ni vya kawaida sana, vingine vinaenda polepole mpaka unasikia usingizi, vingine nyimbo zake zinachosha, na kuna sehemu nilizokuwa nazikumbuka ni ndefu na za kutisha kumbe ni sekunde ishirini tu. Nilimaliza nikafunga laptop nikabaki najiuliza, hiki ndo kilikuwa kinanikimbiza kutoka chooni?

Jibu langu mpaka sasa ni kwamba tulichokuwa tunakipenda ni kulazimishwa. Pale sebuleni hakuna aliyechagua kile kipindi, hakuna aliyechagua saa, hakuna aliyeweza kukisimamisha, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyekuwa na kisingizio cha kukaa chumbani kwake. Stesheni ndo ilikuwa mkubwa wa nyumba kwa hiyo nusu saa, hata mzee mwenye rimoti yake alikuwa anatii.

Na ukifuatilia vilivyotengenezwa unagundua waliovitengeneza hawakuwa na mpango wa kutuletea umoja wa familia. Ni biashara. Chukua ile ya kulungu mwenye pua nyekundu, Rudolph, ambayo huko Marekani ndo mzee wa hizi kazi zote. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye stesheni ya NBC tarehe 6 Desemba 1964 na aliyelipia ni General Electric, kampuni iliyokuwa inauza vifaa vya umeme vya nyumbani, na wale vibwengo wasaidizi wa Santa walikuwa wanatokea kwenye matangazo kunadi bidhaa zake. Vikaragosi vyenyewe vilichezeshwa Japani, picha moja moja, unasogeza mguu kidogo unapiga picha, unasogeza tena. Na haraka ilikuwepo, maana mwanzoni kabisa waliandika mwaka wa hakimiliki kwa namba za Kirumi wakaruka herufi moja, ikasomeka 1164 badala ya 1964. Yaani kwa mujibu wa maandishi ile katuni ni ya enzi za vita vya msalaba.

Alafu kuna hii inayonichekesha kila nikiikumbuka. Mwaka ule wa kwanza kipindi kiliisha bila Santa kurudi kuwachukua wale wanasesere wenye kasoro waliokuwa wamekwama kisiwani, ingawa Rudolph alishawaahidi. Watoto wakakasirika, barua zikamiminika, ikabidi mwaka 1965 waongeze kipande cha kwenda kuwachukua. Na katika kuongeza wakakata vitu vingine, wakabadilisha na wimbo. Kwahiyo mtu anayesema "nataka kile kile cha zamani bila kubadilishwa" hajui kwamba kilibadilishwa ndani ya mwaka mmoja tu, na kilibadilishwa na watazamaji wenyewe.

Hata wale vikaragosi, Rudolph na Santa, baada ya kazi walichukuliwa na mfanyakazi mmoja wa ofisi ya kampuni iliyotengeneza ile katuni akaenda kuwaweka chini ya mti wa Krismasi nyumbani kwake, mwaka hadi mwaka, kama mapambo tu. Wakachakaa wee, Santa akabaki na nusu ya masharubu, Rudolph pua yake nyekundu ikapotea, ile pua ambayo ndo hadithi yote! Wakaja kutengenezwa, na mwaka 2020 wakauzwa kwenye mnada kwa dola 368,000. Mimi nikisikia hiyo hela nasema hapo mtu hajanunua mwanasesere. Amenunua sebule ya utotoni kwake, na hata hivyo hawajampelekea.

Ya pili ni ile ya Charlie Brown, katuni ya mvulana na mbwa wake, stesheni ya CBS, tarehe 9 Desemba 1965. Hii ni kichekesho cha aina yake, maana ujumbe wake wote ni kulalamika kwamba Krismasi imegeuzwa biashara, na aliyelipia ni Coca-Cola. Kwenye matoleo ya mwanzo mpaka jina la soda lilikuwemo ndani ya katuni yenyewe, likaja kukatwa baadae. Ilitengenezwa kwa miezi michache tu, sauti ni za watoto wa kweli na mmoja wao alikuwa hajui kusoma, ikabidi atamkiwe mstari kipande kipande na yeye arudie. Muziki ni jazi. Hakuna zile sauti za vicheko vya kurekodi. Wakubwa wa stesheni walipoiona walikunja nyuso, wakaona ni nzito, inakokota miguu, wakairusha tu kwa sababu ilishapangwa kwenye ratiba. Na usiku ule karibia nusu ya Wamarekani waliokuwa wamewasha tivii walikuwa wanaitazama hiyo.

Sasa mtu atasema si unaona, ilikuwa nzuri! Sawa, ilikuwa nzuri, mimi mwenyewe hiyo naipenda. Ila nzuri zipo nyingi na zimesahaulika. Kilichoifanya iwe kitu kingine ni kwamba ilirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, na uliofuata, watu wale wale wakiwa wamekaa vile vile.

Na hapa ndo penye uzito, kwa maoni yangu. Kipindi kinachorudi kila mwaka hakizeeki, wewe ndo unazeeka. Kwahiyo kinakuwa kama ule mlango ambao wazazi wanaweka alama ya kalamu kupima urefu wa mtoto. Mwaka huu umekaa mapajani kwa mama, mwaka ule umekaa sakafuni, mwaka mwingine unajifanya umeshakua umeegemea ukuta na mikono umefunga, ila huondoki. Kuna mwaka unakuja na mchumba anakaa kwenye ukingo wa kochi kwa adabu zote hajui acheke lini. Kuna mwaka kiti cha babu kipo na hakuna anayekikalia, na hakuna aliyetoa agizo kwamba kisikaliwe. Katuni ni ile ile, mbwa ni yule yule haongei. Hiyo hesabu huwezi kuipata kwenye kipindi kipya hata kiwe kizuri namna gani, maana kipindi kipya hakikukukuta ukiwa na miaka sita.

Wajerumani wanayo ya kwao inayolionyesha hili wazi mpaka inasisimua. Kila mkesha wa mwaka mpya, na wameshafanya hivi kwa zaidi ya miaka hamsini, stesheni zao zinaonyesha kichekesho kifupi cha dakika kama 18 kilichorekodiwa mwaka 1963, hakina rangi, alafu kipo kwa Kiingereza, hawakukitafsiri. Kinaitwa Dinner for One. Bibi mmoja anasherehekea kutimiza miaka 90 na meza imeandaliwa kwa ajili ya marafiki zake wanne, ila marafiki wote wameshakufa, kwahiyo mtumishi wake anazunguka kiti kwa kiti anakunywa kwa niaba ya kila marehemu, anazidi kulewa, anajikwaa kwenye kichwa cha ngozi ya chui milia kilichopo sakafuni, na kila raundi anamuuliza bibi kama utaratibu ni ule ule wa mwaka jana. Bibi anajibu ni ule ule wa kila mwaka. Watu wanakufa kwa kucheka. Na ukiacha kucheka kidogo unaona kwamba hao waliokaa kwenye kochi na huyo bibi kwenye tivii wanafanya kitu kimoja, wanarudia utaratibu ule ule huku viti vinapungua watu.

Turudi kwenye kulazimishwa, maana naona kuna watu watanuna hapo. Waingereza ndo wametuachia ushahidi mzuri. Kule Krismasi ilikuwa na gazeti lake la ratiba ya vipindi, Radio Times, na toleo la Krismasi la mwaka 1988 liliuza nakala zaidi ya milioni 11. Fikiria hilo, gazeti la kukwambia tu saa ngapi kuna nini! Familia zilikuwa zinakaa na kalamu zinazungushia duara, na ole wako uzungushie cha kwako kinachogongana saa na cha baba. Huo ugomvi wa kalamu ndo ilikuwa sikukuu yenyewe, mazungumzo yalianza siku kumi kabla kipindi hakijaonyeshwa. Na mwaka 1986 kipindi cha tamthilia ya EastEnders cha siku ya Krismasi, ambacho mume anamkabidhi mkewe karatasi za talaka kama zawadi, kilitazamwa na watu milioni 30 ukijumlisha na marudio, kwenye nchi ambayo haikufika hata watu milioni 60. Nusu ya nchi imeshuhudia talaka moja. Wakiamka kesho yake wana la kuongea na yeyote wanayekutana nae.

Alafu kuna mambo ya umeme, hii ndo naipenda kuliko zote. Kule Uingereza mafundi wa gridi ya taifa walikuwa wanakaa na ratiba ya tivii mezani, kwa sababu kipindi kikubwa kikiisha au tangazo likiingia mamilioni ya watu wanainuka kwa pamoja kwenda kuwasha birika la chai na nchi nzima inavuta umeme kwa mkupuo. Kuna kituo Wales, Dinorwig, kinachoshusha maji kutoka mlimani na kuzalisha umeme ndani ya sekunde chache, na kazi yake mojawapo ni kuokoa jahazi nyakati kama hizo. Rekodi inayotajwa sana sio ya sikukuu, ni ya mpira, nusu fainali ya Kombe la Dunia 1990 England na Ujerumani Magharibi, penati zilipoisha zikahitajika megawati 2,800 za ghafla. Lakini picha ndo hiyo hiyo. Nchi nzima inainuka kwenye kochi kwa sekunde moja, na fundi mmoja kwenye chumba chenye mitambo anaiona kwenye mita. Sijui ushahidi gani mwingine mtu anautaka kwamba watu walikuwa pamoja.

Sasa nisijifanye malaika. Hizo jioni zilikuwa na ugomvi. Rimoti ilikuwa mali ya mtu mmoja na huyo mtu hakuwa mama. Mama mara nyingi alikuwa anasikiliza akiwa jikoni, anauliza "nani amesema hivyo?" na hakuna anayemjibu, na nikikaa nikafikiria vizuri naona kwamba ile "pamoja" ninayoikumbuka kuna mtu alikuwa anaitengeneza huku hayupo ndani yake. Na kuna nyumba ambazo sikukuu ndo siku mbaya kuliko zote, tivii ilikuwa inawashwa ili watu wasiongee, na huenda hiyo nayo ilikuwa msaada. Hata hili neno la Wazungu la hiyo hali ya kutamani ya nyuma, nostalgia, lilibuniwa na mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, mwaka 1688, kama jina la ugonjwa uliokuwa unawapata Waswisi waliokuwa mbali na kwao. Ugonjwa kabisa, wa kutafutiwa dawa! Kwahiyo mtu akikwambia "enzi zetu" kwa macho yale ya maji maji, mpe pole kwanza alafu ndo muanze kubishana.

Ila ugonjwa au sio ugonjwa, kitu kilikuwepo na kimeondoka, na watu wanamkamata mtuhumiwa asiye mwenyewe. Kila mtu anasema ni simu, ni Netflix. Hapana bwana, kesi ilianza zamani, ilianza na mashine ya video. Ile siku uliyoweza kurekodi kipindi kwenye mkanda ndo siku "imeanza!" ilipopata jeraha la kwanza, kwa sababu dakika tatu za mwanzo hazikuwa tena kitu cha kupoteza. Huko Marekani kampuni za filamu zilienda mahakamani kutaka kuizuia hiyo mashine, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1984 majaji wakaamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba mtu kurekodi nyumbani kwake aangalie baadae sio kosa. Na mmoja wa watu ambao ushahidi wao ulinukuliwa kwenye hukumu ni Fred Rogers, yule mzee mpole wa vipindi vya watoto, aliyesema kwamba kurekodi ni jambo jema kwa familia kwa sababu zitaweza kurekodi vipindi vya watoto na kuvionyesha kwa muda unaowafaa wao. Aliongea kwa nia njema kabisa. Ila muda unaowafaa wote haujawahi kupatikana, muulize yeyote aliyewahi kupanga kikao cha ukoo. Watu wazima sita ukiwaachia wachague saa wenyewe kila mmoja atakuwa na udhuru, na sita hao hao ukiwaambia ni saa mbili kamili ukichelewa shauri yako, watakuja.

Mkanda ulifuatiwa na tivii ya pili chumbani kwa watoto, ikaja chaneli mia na kitu, zikaja santuri za DVD ambapo ile katuni ya mara moja kwa mwaka unaweza kuiangalia mwezi wa saba umevaa kaptula. Simu ilikuja ikakuta maiti imeshaoshwa.

Ndo maana ilivyofika 2020, Apple wakachukua haki za Charlie Brown na kukiondoa kwenye tivii ya kawaida, mimi nilishangaa namna watu walivyowaka. Kilikuwa kimeonyeshwa bure kila mwaka tangu 1965, watu wakasaini petisheni kwa malaki, mpaka Apple wakakubali PBS, stesheni ya umma, wakionyeshe mwaka huo na mwaka uliofuata, na wenyewe wakawa wanatoa siku chache za kukiangalia bure kwenye programu yao. Kwa akili ya kawaida hakuna aliyenyang'anywa kitu. Nina uhakika wengi waliosaini wanacho kile kipindi kwenye kabati, kwenye DVD yenye vumbi. Kinachowauma ni kwamba walikuwa nacho mkononi na bado kuna kitu kimeondoka, na ni kile ambacho hakiwezi kuwekwa kabatini, ile kujua kwamba saa hii hii jirani nae anakiangalia, na dada yako aliyeolewa mbali nae anakiangalia, na mkipigiana simu hakuna haja ya kuelezana. Rudolph angalau kapata bahati, alihamia CBS mwaka 1972 akakaa huko miaka zaidi ya hamsini, 2024 akarudi NBC alikozaliwa, na bado anapangiwa siku na saa.

Na penye ubishi zaidi ni hapa, maana kuna wanaosema zama hizo zimekwisha na watu wenyewe hawataki tena kupangiwa. Sio kweli. Wasweden mpaka leo tarehe 24 Desemba saa tisa alasiri wanakaa mbele ya tivii kuangalia mkusanyiko wa katuni za zamani za Disney, Donald Duck na wenzake, na wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka sitini. Siku nzima inapangwa kuzunguka saa tisa, kabla ya hapo au baada ya hapo. Vipande vyenyewe vingi ni vya tangu kabla wazazi wao hawajazaliwa na vyote vipo kwenye intaneti. Wamewahi kutaka kukigusa kile kipindi, watu wakawajia juu. Wachina wana tamasha lao la mkesha wa mwaka mpya wa kichina, linaenda mubashara tangu 1983, vijana wanalisema vibaya kila mwaka, na wanalisema vibaya huku wanaliangalia, maana huwezi kulisengenya usiloliona. Na nchi za Kiarabu kila Ramadhani tamthilia mpya zinaanza mwezi unapoandama, sehemu moja kila usiku, watu wameshafuturu wamekaa, na mwezi ukiisha nazo zinaisha. Japani ndo wametikisika kidogo, lile shindano lao la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya, wekundu wanawake weupe wanaume, lililoanza redioni 1951, mwaka 1963 lilifika asilimia 81 ya watazamaji, siku hizi ni asilimia 30 na kidogo. Limeshuka, ndio. Ila nionyeshe kipindi kingine chochote chenye asilimia 30 alafu tuongee.

Hata hao Netflix, ambao biashara yao yote ni "angalia muda unaotaka", Krismasi ya 2024 walifanya nini? Walinunua mechi mbili za mpira wa Kimarekani wakazionyesha siku hiyo hiyo, mubashara. Na Uingereza siku hiyo hiyo sehemu ya mwisho kabisa ya kichekesho cha Gavin & Stacey ilikalisha watu zaidi ya milioni 12 usiku ule ule kabla hujahesabu waliokuja kuitazama baadae. Kwanini hao milioni 12 hawakusubiri wakaiangalia kesho yake kwa nafasi yao? Kwa sababu kesho yake wangeshaambiwa imeishaje. Kumbe dawa ni ile ile ya kaka yangu, kuwepo kwa mtu anayejua kitu usichokijua na mwenye roho mbaya ya kukwambia.

Kwahiyo mtu akiniuliza kama inawezekana kuirudisha nyumbani kwake namwambia inawezekana, ila lazima apatikane mtu mmoja wa kuchukiwa. Stesheni ilikuwa inachukiwa kwa niaba yetu, sasa hivi hiyo nafasi ipo wazi. Usiitishe kura ya nini tuangalie, ukiitisha kura umekwisha, mtazunguka kwenye menyu dakika arobaini na mwisho kila mtu ataondoka na simu yake. Chagua kitu kimoja, kiwe hata kibaya, taja siku, taja saa, usikisimamishe kwa ajili ya mtu yeyote, na mwakani urudie hicho hicho. Mwaka wa kwanza watanuna. Wa kwangu walinuna vizuri tu, binti alikaa na hudi usoni nusu saa nzima. Mwaka wa tatu nilichelewa kidogo kuwasha, nikaambiwa na huyo huyo wa hudi kwamba imeshapita saa.

Mwaka jana katikati ya kipindi mdogo akabanwa, akaniomba nisimamishe kidogo tu baba, nikamwambia haisimami. Akakimbia. Nikamsikia anafungua maji, hajayafunga vizuri, anarudi mbio, soksi zinateleza kwenye sakafu, akatua kwenye kochi anahema akamuuliza dada yake imefika wapi. Dada yake hakugeuka. Akamwambia umekosa, mbwa ameongea.

Mimi sijawahi kuwasimulia hiyo stori. Mdogo akanitazama kuuliza kama ni kweli, na mimi nikaendelea kuangalia tivii.